Mzigo Juu ya Jirani

Kila Jumatano, Koboko, chumba cha nyuma cha kanisa,
madawati manane, taa ya sola inayochoka saa mbili,
tunasoma mizigo.
Ndivyo Mwalimu Lomoro anavyoiita. Kiebrania, anasema,
kina neno moja kwa tamko la nabii
na kwa kile mpagazi anachojitwika.
Hapo tulimwelewa upesi; sisi ni watu wa mpaka.
Duku amevusha chumvi Oraba tangu hajabaleghe,
shingo yake ina sugu kama goti la ngamia.

Tulianza kwa furaha, sitaficha.
Dameski imewapura watu kwa vyuma: ipigwe!
Amoni imepasua matumbo ya wajawazito
ili isogeze mpaka hatua chache: ichomwe!
Tiro imewauza ndugu wa agano: ichomwe nayo!
Fundi Yangi alipiga dawati kwa kiganja
kama mtu ambaye timu yake imefunga bao,
na kila jina la kale tuliligeuza kimoyomoyo
kuwa jina la tunaowajua:
wale wa ng'ambo ya mto Kaya,
wale wa upande wa Kongo waliotupunja bei ya muhogo.
Mwalimu alikuwa akichora ubaoni,
mji huku, mji kule, duara,
na katikati akaacha pengo.
Tulidhani chaki imemwishia.

Wiki ya tatu, Edomu.
Alisoma taratibu, kidole juu ya mstari.
Kosa la Edomu, akasema, halikuanza na upanga.
Alisimama tu.
Nduguye alipokuwa akikimbia, yeye alisimama njia panda
akitazama nani anapita, na amebeba nini.

Hakuna aliyesema ichomwe.

Kiden, aliyetoka Yei na mtoto mgongoni,
ambaye hatukuwahi kuisikia sauti yake ila kwenye amina,
akasema: Mimi nilinunua maji darajani.
Kikombe cha kwanza mia tano.
Cha pili elfu,
kwa kuwa walimwona mtoto analia.

Hakumtazama mtu. Akafunga kitabu, akafunga kitenge.

Jerikani ile ilikuwa ya manjano,
kizibo chake gunzi la mahindi.
Naijua. Ilikuwa ya baba.
Mkono ulioshika kikombe ni huu ninaoandikia.

Na bibi yangu, mwaka ule Koboko ilipobaki majivu,
alikimbilia Yei huko huko,
akapewa kibanda, akapewa ufuta wa kupanda,
na mwanamke aliyemsalimu kwa Kikakwa
bila kumwuliza karatasi.
Baba alizaliwa katika kibanda hicho.
Hadithi hii alitusimulia mara nyingi,
hata jioni zile, akihesabu noti.

Nilirudi peke yangu kwenye kurasa za Moabu.
Nilitafuta moto, nikamkuta nabii analia.
Anamlilia adui! Mashamba yake yaliyokauka,
binti zake walio kivukoni kama ndege waliobomolewa kiota;
tumbo la nabii linavuma
kama adungu iliyopigwa teke gizani.
Basi hiyo ndiyo maana yake, nikawaza,
hukumu haitamkwi na mtu aliyekaa kitako.
Lakini sina hakika. Mimi si msomi,
na mtu mwenye deni huona deni kila ukurasa.

Jumatano iliyofuata Mwalimu alilijaza pengo.
Aliandika jina la watu wa nabii mwenyewe.
Yangi aliweka mikono yake chini ya dawati.
Kiden hakuja.

Alfajiri nilijaza jerikani kisimani,
mpya, ya buluu, nikajitwika
hadi kibandani kwake nyuma ya soko la vitunguu.
Nilikuwa nimepanga maneno. Njiani yalimwagika.
Alitoka akifuta mikono, akatazama maji,
akanitazama mimi kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu,
akaanza kufungua fundo la kitenge lenye pesa.

Shilingi ngapi? akauliza.